Mgongo Unaopinda Baada ya Hedhi Kukoma: Mwongozo kwa Mama wa Bukavu

Mama wa Bukavu aliyevuka miaka hamsini akishauriwa kufanya mazoezi ya mgongo, jibu lake la kwanza huwa hili: nimelima, nimefua, nimebeba, nimepanda na kushuka vilima vya Kadutu maisha yangu yote, mazoezi mengine ya nini? Swali hilo ni la haki na lazima lijibiwe kabla ya kumwambia mtu atandike mkeka. Ni kweli umefanya kazi kuliko kijana yeyote anayekimbia asubuhi kando ya ziwa. Lakini tazama kazi zenyewe. Jembe linakuinamisha mbele. Beseni la kufulia linakuinamisha mbele. Ufagio mfupi, mbabula uliowekwa chini, mtoto mgongoni, gunia la makala lenye kamba inayopita kwenye paji la uso, vyote vinakuvuta upande mmoja. Misuli ya kifua imefupika. Ile ya nyuma, ambayo kazi yake ni kukusimamisha wima, imevutwa na kuchoshwa miaka arobaini bila kufundishwa nguvu yake hata siku moja. Mazoezi ya mwongozo huu hayakuongezei kazi ileile, yanakwenda kinyume nayo.

Kinachobadilika mwilini

Mfupa ni kitu hai. Kila siku seli fulani huubomoa kidogo na nyingine huujenga upya, na estrojeni, homoni inayotoka kwenye ovari, ndiyo inayowazuia wabomoaji wasizidi. Hedhi inapokoma homoni hiyo hushuka, na katika miaka mitano hadi kumi ya kwanza mfupa hupotea haraka kuliko wakati mwingine wowote wa utu uzima. Pingili za mgongo huwahi kudhoofika kwa sababu ndani yake si mfupa mgumu, ni mfupa wenye vitundu vingi. Pingili dhaifu ikibanwa kwa mbele hubonyea na kuwa kama kabari, nyembamba mbele na nene nyuma, na mgongo uliojengwa juu yake hauna budi kuinama.

Hata hivyo wanawake wengi wenye mgongo uliopinda hawana pingili hata moja iliyovunjika. Tafiti zilizowapiga radio (picha ya eksirei) wazee wenye migongo iliyopinda zaidi zimekuta pingili zilizobonyea kwa kama theluthi moja yao tu. Wengine wamepindwa na misuli dhaifu ya nyuma, mbavu na viungo vilivyokakamaa, gegedu za kati ya pingili zilizonywea, na mazoea ya miaka mingi. Kwa hiyo sikubaliani kabisa na anayemwambia mama kwamba ni uzee tu, azoee. Sehemu kubwa ya tatizo hili iko kwenye misuli na viungo, na misuli ya mwanamke wa miaka sitini au sabini bado inaweza kuongezewa nguvu.

Mgongo wa kila mtu una mkunjo wa asili pale kwenye kifua, kati ya digrii 20 na 40 hivi. Ukizidi 40, matatizo huanza, na si ya sura peke yake. Mbavu zikikandamizwa mapafu hayajai vizuri, nawe unahema sana kwenye kupanda. Tumbo likibanwa chakula kinarudi na kiungulia kinakusumbua. Kichwa kikitangulia mbele ya miguu, uzito wa mwili unahama, na hatari ya kuanguka inaongezeka. Katika mji wenye njia za udongo zinazoteleza tangu Septemba hadi Mei, kuanguka ndiko kunakovunja nyonga na mkono wa mtu mzima.

Jipime ukutani, na ujue wakati wa kwenda hospitali kwanza

Simama bila viatu, visigino na makalio yakigusa ukuta, magoti yakiwa yamenyooka. Tazama mbele sawasawa. Usiinue kidevu ili kichwa kiufikie ukuta, maana hapo utajidanganya. Mtu mwingine apime kwa vidole nafasi iliyopo kati ya kisogo chako na ukuta. Kisogo kikigusa bila kujilazimisha, mgongo wako uko vizuri na mazoezi haya yatakuwa ya kuulinda. Kikiwa mbali kwa vidole vitatu, vinne au zaidi, una kazi ya kufanya, na namba hiyo iandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe.

Kisha weka vidole ubavuni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Ikiwa vidole viwili havipati nafasi, huenda pingili zimebonyea, hivyo omba upigwe radio ya mgongo. Kimo nacho kinaeleza mengi. Aliyepungua sentimita nne au zaidi tangu ujana wake amwone daktari. Wengi wetu hatukupimwa tulipokuwa wasichana, lakini nguo zinakumbuka: libaya linapanda nyuma na kuning'inia mbele, na kikwembe kilichokuwa kinaishia kwenye kifundo cha mguu sasa kinaburuta chini. Leo mtu akuwekee alama ya makaa kwenye mwimo wa mlango, usawa wa utosi, ili mwakani uwe na kitu cha kulinganisha.

Wako akina mama ambao nawaomba wasianze zoezi lolote kabla ya kuonana na daktari. Wa kwanza ni yule aliyepatwa na maumivu makali ya ghafla katikati ya mgongo baada ya kuinua bidoni, kukohoa au kuteleza, hata kama hakuanguka. Hiyo inaweza kuwa pingili iliyobonyea leo. Wa pili ni mwenye miguu inayolegea au kufa ganzi, au mkojo na choo vinavyomtoka bila kujua. Huyo aende siku hiyohiyo, asingoje kesho. Wa tatu ni mwenye homa, jasho la usiku na kukonda, hasa kama mgongo wake haukupinda kwa mviringo bali umetoa nundu moja yenye ncha. Kifua kikuu huingia pia kwenye mifupa ya mgongo, na katika nchi yetu lazima tukifikirie kila mara. Kinatibika, dawa zake hutolewa bure kupitia mpango wa taifa, na kadiri kinavyogunduliwa mapema ndivyo miguu inavyookolewa. Wa nne ni aliyewahi kutibiwa kansa, ya titi au nyingine. Maumivu mapya ya mgongo kwake yachunguzwe kabla ya kunyooshwa.

Kwa nini kunyoosha nyuma na si kukunja mbele

Watu wakisikia mazoezi hufikiria kugusa vidole vya miguu, au kulala chali na kujiinua ili kupunguza tumbo. Kwa mama mwenye mifupa dhaifu hayo ndiyo ya kuacha. Mwaka 1984 daktari Mehrsheed Sinaki na mwenzake Beth Mikkelsen wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya wanawake 59 waliokuwa wamevuka hedhi, wenye udhaifu wa mifupa na maumivu ya mgongo. Wale waliofundishwa kunyoosha mgongo nyuma, asilimia 16 yao walipata pingili mpya zilizobonyea katika kipindi cha kufuatiliwa. Waliofundishwa kukunja mbele, asilimia 89. Ambao hawakufanya zoezi lolote, asilimia 67. Makundi yalikuwa madogo, lakini tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza. Yaani zoezi baya lilikuwa na matokeo mabaya kuliko kukaa bure.

Sinaki aliendelea. Mwaka 2002 yeye na wenzake walieleza habari za wanawake 50 waliofuatiliwa miaka 10. Kundi moja lilikuwa limefanya zoezi la kuinua kifua huku wamelala kifudifudi, wakiwa na mfuko wenye uzito mgongoni, mara 10 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa miaka miwili, kisha wakaacha. Miaka 8 baada ya kuacha, misuli yao ya mgongo ilikuwa bado na nguvu kuliko ya wenzao, na kwenye kundi ambalo halikufanya zoezi pingili zilizobonyea zilikuwa mara 2.7 zaidi. Fikiria gharama ya zoezi lile: mfuko na sakafu.

Kuhusu mgongo kunyooka wenyewe, niseme ukweli ili usikate tamaa mapema. Huko San Francisco, jaribio lililochapishwa mwaka 2017 liliwafundisha watu wa miaka 60 na zaidi mara tatu kwa wiki kwa miezi sita, na mkunjo ukapungua kama digrii 3. Si nyingi. Pingili iliyokwisha kubonyea hairudi umbo lake kwa zoezi. Unachokipata ni misuli inayokubeba, pumzi inayoingia, maumivu yanayopungua, na mgongo usioendelea kwenda chini kwa kasi ileile.

Mazoezi yenyewe

Unahitaji mkeka au blanketi juu ya sakafu, vikwembe viwili, kiti kisichoyumba, ukuta, mti wa ufagio mrefu, na utepe uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa pikipiki, ambao fundi yeyote wa tairi anao kwenye takataka zake. Godoro laini halifai, litakupinda. Fanya siku tano kwa wiki, dakika ishirini hivi. Asubuhi za Bukavu zina baridi, na mwili wa usiku umekakamaa, kwa hiyo mimi napendelea jioni kabla ya kulala, au asubuhi baada ya kuzunguka nyumbani kidogo. Usibane pumzi hata mara moja: toa hewa unapoinua, vuta unaporudisha.

Anza kwa kulala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Kama kisogo hakifiki sakafuni, kunja kikwembe na ukiweke chini ya kichwa, mikunjo ya kutosha tu ili uso utazame juu na kidevu kisielekee darini. Hesabu mikunjo. Watafiti hupima kwa vibao vya sentimita 1.7, wewe utapima kwa kikwembe kilekile, na mwezi unaofuata utajaribu kupunguza mkunjo mmoja. Fungua mikono pembeni, viganja juu, na ukae hivyo dakika tano ukivuta pumzi mpaka mbavu zitanuke kando. Inaonekana kama kupumzika, na ni kweli unapumzika, lakini kifua kinafunguka na uzito wa kichwa unazivuta mbavu zirudi. Baada ya wiki mbili, kama huna pingili iliyobonyea, kunja kikwembe cha pili kiwe bomba jembamba na ukilaze kufuata uti wa mgongo, kati ya mabega. Maumivu yakija, kiondoe.

Ukiwa bado chali, bonyeza kisogo kwenye kikwembe taratibu huku kidevu kikirudi ndani kuelekea koo. Shikilia mpaka hesabu ya tano, achilia, mara kumi. Shingo ya mama aliyebeba kwa kamba ya paji la uso imezoea kusukuma mbele, nayo italalamika mwanzoni. Bonyeza kwa nusu ya nguvu tu. Kizunguzungu kikikupata, acha na umwambie mtaalamu.

Sasa zoezi ambalo kwangu ndilo kiini cha yote. Geuka ulale kifudifudi, mto mdogo chini ya tumbo ili kiuno kisijipinde, paji la uso juu ya kikwembe kilichokunjwa, mikono kando ya mwili. Kwanza sogeza mifupa ya mabega ikaribiane na kushuka kuelekea kiunoni. Kisha inua kichwa na kifua pamoja, kidogo sana, upana wa kiganja unatosha. Pua itazame chini, shingo isivunjike nyuma. Hesabu hadi tatu, rudi polepole. Mara tano wiki ya kwanza, kisha nane, kisha kumi. Ukifika kumi bila shida na wiki nne hadi sita zimepita, mtu akuwekee mfuko wa maharagi wa nusu kilo kati ya mabega. Miezi ikienda, kilo moja. Usiongeze uzito na idadi katika wiki moja, na usishindane na jirani.

Asiyeweza kulala kifudifudi, kwa unene, pumu au goti, asijione ameachwa. Akae ukingoni mwa kiti, nyayo chini, mikono nyuma ya kichwa, viwiko vimefunguka. Avute pumzi akiinua mfupa wa kifua kuelekea juu na mbele, viwiko vikienda nyuma, bila kupinda kiuno. Hesabu tano, mara kumi. Ni rahisi kuliko la sakafuni, lakini mama anayelifanya kila siku atampita yule anayefanya la sakafuni mara moja kwa wiki.

Utepe wa mpira ufunge kwenye nondo za dirisha, usawa wa kifua. Shika ncha zote mbili, simama kwa miguu iliyopanuka kidogo, uvute viwiko nyuma vikipita kando ya mbavu mpaka mifupa ya mabega ikutane. Mabega yasipande kwenye masikio. Rudisha polepole kuliko ulivyovuta, maana kurudisha ndiko kunakojenga nusu ya nguvu. Mara kumi, pumzika, kumi tena. Kagua mpira kila wiki, usije ukakatika palipochanika na kukurukia usoni.

Kisha ukuta. Mgongo na makalio yaguse, nyayo ziwe mbele kidogo, mikono imekunjwa kwa pembe kama ya mtu aliyeamriwa kuinua mikono. Itelezeshe juu ya ukuta mpaka pale inapokubali, ishushe. Wengi hawagusi ukuta kwa mikono siku za mwanzo. Usijipinde kiuno ili ufike, afadhali mikono ibaki hewani na kiuno kitulie. Mara nane.

Malizia na miguu, kwa sababu mgongo ulionyooka juu ya miguu dhaifu bado utaanguka. Inuka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono, keti polepole, mara nane. Shika ukuta, panda juu ya vidole vya miguu, mara kumi na tano. Mwisho simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, hesabu hadi kumi, badilisha.

Maumivu ya misuli ya siku moja au mbili ni ya kawaida, kama ya msimu wa kwanza wa kulima. Maumivu ya kuchoma palepale kwenye mfupa, yanayozunguka ubavuni kuja kifuani, au yanayobaki zaidi ya siku mbili, yanakuambia upunguze au uache mpaka utazamwe.

Mgongo katika kazi za siku nzima

Dakika ishirini haziwezi kushinda saa kumi za kuinama vibaya, kwa hiyo sehemu hii ina uzito sawa na mazoezi, na ningesema ina uzito zaidi. Jifunze kuinama kwenye nyonga. Chukua mti wa ufagio, uulaze mgongoni uguse kisogo, katikati ya mabega na mfupa wa makalio. Legeza magoti, sukuma makalio nyuma, kifua kishuke huku mti ukigusa pale pote patatu. Mti ukiacha kugusa kichwa au makalio, mgongo umejikunja. Rudia mpaka mwili uelewe, halafu uache mti na uinue bidoni ya lita tano kwa namna hiyohiyo, ikiwa karibu na mwili, bila kujipindua kiunoni. Kukunja na kupindua kwa pamoja ndiko kunakovunja pingili dhaifu.

Beseni la kufulia lipandishwe juu ya benchi au matofali. Ufagio uongezewe mti mrefu. Mbabula uwekwe juu ya meza ya udongo au ya chuma ili usisonge bugali ukiwa umekunjika. Mambo haya yanaweza kufanywa na mtoto wa nyumbani kwa Jumamosi moja, na mama asione haya kuyaomba. Wajukuu wabebwe na wenye nguvu. Wewe wapokee ukiwa umekaa.

Kuhusu kamba ya kichwani, natambua ninazungumza na nani. Wako akina mama wanaotoa magunia Kadutu au bandarini kila siku ili watoto wale jioni, na kuwaambia waache bila kuwapa kazi nyingine ni maneno matupu. Lakini kamba hiyo inamlazimisha mtu kukunja kifua na shingo chini ya uzito mkubwa, na huko ni kukunja mbele kulekule kulikowaletea wanawake katika utafiti wa Sinaki matokeo mabaya. Kwa hiyo: aliyekwisha kupungua kimo au kuambiwa kwamba pingili imebonyea, asibebe tena kwa njia hiyo, na familia yake ikae kikao kutafuta kazi mbadala, hata ya kuuza akiwa amekaa. Asiyefika huko agawe mzigo mmoja uwe miwili, asiunyanyue kutoka chini peke yake bali aupokee ukiwa juu ya ukuta wa kimo cha kiuno, apumzike pale penye ukuta kama huo njiani, na kila anapoutua asimame afungue kifua na kuvuta pumzi tano. Na asikubali mtu amkanyage mgongo wala kuukanda kwa nguvu jioni ili "kuurudisha". Mfupa mwembamba haurudishwi kwa kisigino cha mtu.

Chakula na dawa

Misuli haijengwi kwa bugali na sombe peke yake, inahitaji protini: maharagi, soya, karanga, mayai yanapopatikana. Mfupa unahitaji kalisi, na ziwa letu linatuletea. Sambaza, wale samaki wadogo walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huliwa wazima na mifupa yao, na kalisi iko kwenye mifupa hiyo. Usiwatoe vichwa na miiba ukadhani unasafisha. Ndagala wakavu wa Tanganyika ni vilevile. Maziwa na mashanza kwa anayeweza kununua. Vitamini D mwili huitengeneza kwenye ngozi kwa jua, nasi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo mama anayekaa nje na mikono wazi kwa muda mfupi siku nyingi anaipata. Anayebaki ndani siku nzima kwa ugonjwa aiulizie kwa muuguzi.

Kuna aina moja ya dawa inayonitia hofu. Dexa (dexamethasone) na prednisolone huuzwa kirahisi kwenye famasi, na wako wanaomeza kwa maumivu ya viungo, hata wanaomeza ili wanenepe. Zikitumiwa kwa miezi, hula mfupa. Ikiwa unazimeza kwa muda mrefu usiziache ghafla, maana kuacha ghafla nako kunaweza kukuangusha. Nenda kwa daktari apange namna ya kuzipunguza. Aliyepata pingili iliyobonyea aulize pia kuhusu dawa za kuimarisha mfupa. Zoezi halichukui nafasi yake.

Kwenda kwa kine

Mwongozo wa karatasi hauoni mgongo wako. Kama unaweza, onana na mtaalamu wa fizioterapia, yule tunayemwita kine, hata mara mbili au tatu tu: ya kwanza kupimwa na kuonyeshwa, ya pili kusahihishwa, ya tatu kuongezewa. Bukavu ina bahati kuliko miji mingi ya ukubwa wake. Hospitali Kuu ya Rufaa ya Mkoa hupokea wagonjwa wa mifupa, Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Denis Mukwege mwaka 1999, inajulikana duniani kwa kuwatunza wanawake, na kituo cha Heri Kwetu kimezoea kazi ya viungo kwa miaka mingi. Kabla ya kwenda, uliza bei ya kila kikao, na kama uko kwenye mutuweli ya afya uliza ni kipi wanacholipa. Beba daftari lako lenye vipimo vya ukutani, radio za zamani kama unazo, na dawa zote unazomeza zikiwa ndani ya pakiti zake.

Mwambie kine mambo mawili waziwazi: umri ulipokoma kuona hedhi, na kama umewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kudogo. Aliyekoma kabla ya miaka 45, au aliyetolewa ovari kwa upasuaji, mifupa yake imeanza kupungua mapema, na mpango wake utakuwa tofauti. Ukipewa vikao vya kukandwa na taa ya joto peke yake, bila zoezi la kufanya nyumbani, muombe kwa heshima akufundishe. Joto linatuliza kwa saa chache, lakini halijengi msuli.

Kinachowashinda wengi ni kuendelea baada ya mwezi wa pili, pale maumivu yanapopungua na shughuli zinarudi. Kufanya pamoja kunasaidia kuliko nia njema. Akina mama wa shirika au wa likelemba hukutana kila wiki tayari. Kabla ya kuhesabu pesa, wasimame ukutani wafanye yale ya kusimama na ya kwenye kiti, yale ya mkeka kila mmoja ayafanye kwake. Mmoja awe na daftari. Kila miezi mitatu mpimane vidole kati ya kisogo na ukuta, na ambaye nafasi yake inaongezeka ingawa anafanya mazoezi, msimwambie ajitahidi zaidi: mpelekeni akapigwe radio.